Nyumba ya maveterani ina nyota tano, lakini baba mkwe wangu anakonda

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa Kitanzania, nimeolewa na Mmarekani na tunaishi huku kwao, upande wa kaskazini mashariki. Naomba usitaje jina langu wala mji, maana Watanzania wa huku tunajuana wote.

Baba mkwe wangu alipelekwa vita vya Vietnam akiwa kijana. Viungo vyake vilirudi vizima, lakini mpaka leo ukimgusa ghafla akiwa usingizini anaamka akipigana. Baadaye akapata ugonjwa wa Parkinson, ambao serikali yao inaukubali kuwa unatokana na Agent Orange, ile sumu ya kukausha majani waliyoimwaga kwenye misitu ya kule. Sasa mikono inatetemeka, mwili umekakamaa, na kumbukumbu zimeanza kumpotea. Tangu mama mkwe afariki nilimtunza mimi, nyumbani kwetu. Nilimwogesha, nilimlisha, nilikesha naye. Mwaka jana alianguka akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali madaktari wakasema nyumba yetu yenye ngazi haimfai tena. Wifi yangu anaishi jimbo la mbali, naye ndiye mwenye hati ya kumwamulia Baba mambo ya matibabu. Akamtafutia nafasi katika nyumba ya maveterani inayoendeshwa na jimbo letu. Baba ana daraja la ulemavu wa asilimia 90 kutokana na jeshi, kwa hiyo VA, ile wizara yao ya maveterani, inalipa gharama zote. Hatutoi hata senti.

Nyumba yenyewe ukiingia utaipenda. Kuna bendera, kuna picha za wazee wakiwa vijana ndani ya sare, sakafu inang'aa, na mapokezi wanakujua kwa jina. Wazee wanakaa pamoja wanasimuliana mambo ya jeshi. Nilishukuru Mungu.

Lakini mimi nafanya kazi ghalani asubuhi mpaka alasiri, kwa hiyo naenda kumwona jioni, na jioni naona mengine. Trei ya chakula nakuta imewekwa mbele yake, imepoa, hajagusa, halafu mtu anakuja kuiondoa na kuandika kwenye karatasi. Kengele za vyumbani zinalia muda mrefu bila mtu kuja. Mara nyingine namkuta ameloa. Wiki chache zilizopita niliona alama ya zambarau mkononi, juu ya kiwiko, na nilipouliza nesi akasema ngozi ya wazee ni laini. Kuna dawa mpya wameanza kumpa jioni, na tangu hapo analala sana, hata nikimwita anafungua macho na kuyafumba. Alipoingia alikuwa na pauni 172. Juzi niliona kwenye karatasi pauni 158, na hata miezi mitatu haijaisha.

Nikimpigia wifi anasema nyumba ina nyota tano kwenye tovuti ya serikali, kwamba Baba anaumwa na ugonjwa wake ndivyo ulivyo, na kwamba mimi nilimzoesha kudekezwa. Siku moja akaniambia kwetu hata nyumba za wazee hatuna, nitajuaje nzuri na mbaya. Niliumia sana. Mume wangu ni dereva wa malori, siku nyingi yuko barabarani, na hapendi kugombana na dada yake. Mama yangu kule Moshi naye ananilaumu. Anasema mzee hatupwi, mrudisheni nyumbani.

Na kuna jambo zito kuliko yote. Mmoja wa wasaidizi wanaoshika zamu ya jioni kwenye ghorofa ya Baba ni dada wa kwetu. Ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii, ndiye mama wa ubatizo wa mwanangu, tunacheza upatu pamoja. Anafanya zamu mbili katika nyumba mbili ili kusomesha watoto aliowaacha nyumbani. Nilipomuuliza kwa faragha akaniambia, "Jioni tunakuwa wawili kwa wazee zaidi ya ishirini. Wewe ukilalamika, wataangalia nani alikuwa zamu. Usiniponze, mdogo wangu."

Mama, nitajuaje kama huduma ni mbaya kweli au ni ugonjwa tu? Nikilalamika si nitamharibia dada yangu kazi, na Baba asiadhibiwe kwa sababu yangu? Nimtafutie nyumba nyingine, nimrudishe kwangu, au ninyamaze kwa kuwa mimi ni mkwe tu na hati haiko mkononi mwangu? Silali.

Mkwe mwenye mashaka

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja.

Nikikuelewa vizuri, una maswali mawili yaliyoshikana mpaka huwezi kuliangalia moja bila jingine kukuziba macho. Swali la kwanza ni kama Baba anatunzwa inavyopasa. Swali la pili ni nani ataumia wewe ukisema. Naomba tuyatenganishe kwa muda, maana hofu ya lile la pili inaweza kukufanya usilitazame sawasawa lile la kwanza, na pengine ukaanza kuyatilia shaka macho yako mwenyewe.

Kabla ya hapo, niseme neno kuhusu mama yako. Anasema kwa upendo na kwa desturi tuliyokulia, na sitaki umjibu kwa ukali. Lakini mzee aliyetupwa haendewi jioni na mkwe aliyetoka kazini amechoka. Ulimtunza mpaka nyonga ikavunjika na ngazi zikakushinda. Unaweza kumwambia mama hivyo, kwa heshima, na kumweleza hali ya nyumba unayoishi. Huenda haijui.

Sasa nyota. Wifi yako hakosei kuziangalia. Serikali ya Marekani ilianza kuzitoa mwaka 2008 ili familia zipate pa kuanzia, na zinatokana na mambo matatu: ukaguzi, idadi ya wauguzi na wasaidizi, na vipimo vya hali ya wakazi. Katika ukaguzi, asilimia 10 ya juu ndani ya jimbo ndizo zinazopata nyota tano, kwa hiyo nyota inasema nyumba imewazidi majirani zake. Haisemi kwamba trei ya Baba imefunguliwa leo. Wakaguzi hupita takribani mara moja kwa mwaka, na sehemu kubwa ya vipimo vya hali ya wakazi hutokana na taarifa ambazo nyumba zenyewe zinajaza. Nyota ni za nyumba nzima kwa kipindi kirefu. Wewe unatazama ghorofa moja, jioni, na mzee mmoja. Unaweza kuwa sahihi na wifi akawa sahihi, bila yeyote kudanganya.

Kuna karatasi zenye faida zaidi ya nyota. Nyumba za maveterani za majimbo hukaguliwa na VA kila mwaka, na mkazi ana haki ya kusoma matokeo ya ukaguzi wa karibuni. Omba uonyeshwe jalada hilo pale mapokezi. Soma makosa yaliyoandikwa, kisha uangalie kama kosa lilelile limerudi mwaka baada ya mwaka. Pia, kwa kuwa nyumba hiyo ina nyota, iko chini ya mfumo wa Medicare au Medicaid, zile bima za afya za serikali yao, na nyumba hizo zinatakiwa kubandika kila siku, mahali pa wazi, idadi ya wauguzi na wasaidizi walio kazini kwa kila zamu. Uitafute karatasi hiyo ukutani jioni, halafu utembee kwenye korido uone kama watu walioandikwa ndio waliopo. Kwa nyumba za jimbo zinazolipwa na VA, kanuni inataka kila mkazi apate angalau saa 2.5 za huduma ya uuguzi ya ana kwa ana katika kila saa 24, siku zote saba, na nesi aliyesajiliwa awepo usiku na mchana. Saa mbili na nusu zinagawanywa na zamu zote, na asubuhi ndiyo inayomeza nyingi kwa kuogesha na kuvisha. Kwa mzee mmoja anayehitaji kushikiwa kijiko, kinachobaki jioni ni kidogo.

Lakini mwanangu, mimi ningekaa zaidi kwenye mwili wa Baba kuliko kwenye karatasi. Huo unaujua kuliko mkaguzi yeyote.

Pauni 14 kati ya 172 ni zaidi ya asilimia 8. Katika utaratibu wa nyumba za matunzo huko, kupungua asilimia 5 kwa mwezi, asilimia 7.5 kwa miezi mitatu, au asilimia 10 kwa miezi sita huhesabiwa kuwa jambo kubwa linalotakiwa kuchunguzwa na kupangiwa hatua. Kwa hiyo wasiwasi wako kuhusu uzito hautokani na kudekeza. Ni kweli Parkinson yenyewe hukondesha. Kinachobaki kuuliza ni kama kuna mtu ndani ya nyumba ile aliyeiona namba hiyo, akatafuta sababu, na akabadilisha kitu.

Sababu zinaweza kuwa nyingi, na zingine hata hukuzitaja. Dawa za Parkinson zina saa zake. Zikichelewa, hata kwa muda usioonekana mwingi, mgonjwa hukakamaa, mkono haufiki mdomoni, na kumeza kunakuwa kazi. Uliza dawa ya jioni inaletwa saa ngapi na chakula kinaletwa saa ngapi. Kama chakula kinatangulia na dawa inafuata baadaye, trei itapoa kila siku hata kama nyumba ina mpishi bora. Inawezekana pia koo limeanza kudhoofika. Angalia kama anakohoa akinywa maji, kama sauti inakuwa na majimaji baada ya kula, kama chakula kinabaki shavuni. Yuko mtaalamu wa kumeza anayeweza kumpima na kuagiza chakula laini au vinywaji vizito kidogo. Angalia meno ya bandia kama bado yanamkaa, maana fizi hupungua mtu akikonda. Na yule anayeandika kwenye karatasi baada ya kuondoa trei, anaandika nini? Omba kuona kilichoandikwa kwa siku ambazo ulikuwepo. Kama umeona trei haijaguswa na imeandikwa kwamba amekula nusu, hapo umepata jambo la kulisema ambalo halitegemei hisia zako.

Hiyo dawa mpya ndiyo inayonipa hofu zaidi, na nakuomba usiichukulie kuwa ni ndogo. Wazee wenye kupoteza kumbukumbu wakipiga kelele au wakipigana wakiguswa, wengine hupewa dawa za magonjwa ya akili ili watulie. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2005, na ikalipanua mwaka 2008, kwamba dawa za kundi hilo zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Kwa mgonjwa wa Parkinson kuna hatari ya pili: nyingi kati yake, mfano haloperidol, zinaweza kuufanya mwili ukakamae zaidi na kumeza kukazidi kuwa kugumu. Sijui Baba anapewa nini. Inaweza kuwa dawa ya usingizi, ya maumivu ya nyonga, au kitu kingine kabisa, na daktari anaweza kuwa na sababu nzuri. Usiwaambie waiache ghafla. Uliza tu jina lake, inatibu nini, nani aliridhia ianze, na itapitiwa upya lini. Nesi mzuri hakasiriki kwa maswali hayo.

Kuhusu alama ya mkono, mwanangu, ukae katikati. Ngozi ya wazee kweli huvia damu upesi, na baada ya nyonga wengi hupewa dawa za kuzuia damu kuganda, zinazozidisha jambo hilo. Pia mzee anayeamka akipigana anaweza kuumia wakati wa kuogeshwa, hasa akiogeshwa haraka na mtu asiyemjua. Na wakati mwingine alama juu ya kiwiko ni vidole vya mtu aliyeshika kwa nguvu. Huwezi kujua kwa kutazama tu. Jibu la "ngozi ni laini" linaweza kuwa kweli na bado lisitoshe. Nyumba inayotunza vizuri huandika alama hiyo tarehe ilipoonekana, hutafuta ilikotokea, na humpigia simu mwenye hati bila kungoja kuulizwa. Muulize wifi kama alipigiwa. Na siku ukimtembelea, mwangalie visigino na mwisho wa mgongo. Huko ndiko vidonda vya kulala muda mrefu upande mmoja huanzia, vikianza kama wekundu usiopotea ukiubonyeza.

Halafu kuna jambo la vita, ambalo nyumba ya maveterani inapaswa kulijua kuliko nyumba nyingine yoyote. Je, kwenye mpango wake wa huduma imeandikwa kwamba asiguswe akiwa amelala, aitwe kwanza kwa jina kutokea miguuni? Je, fataki za tarehe 4 Julai, siku yao ya uhuru, wanazipangia nini? Wewe ulijifunza hayo kwa kukesha naye. Huenda hakuna aliyekuuliza, na huenda hujawaambia ukidhani wanajua.

Sasa tumfikie dada yako.

Naona umeliweka jambo hili kama mizani: upande mmoja Baba, upande mwingine yeye. Nakuomba uangalie tena alichokuambia. Wawili kwa wazee zaidi ya ishirini. Kama ni hivyo, yeye hakuchagua kumwacha Baba na trei iliyopoa. Alikuwa chumba kingine anamshikilia mzee mwingine asianguke. Mwenye kupanga zamu yuko juu yake, na mwenye kutoa bajeti yuko juu zaidi. Unaweza kulalamikia jambo bila kulalamikia mtu. "Baba anahitaji kulishwa, na chakula cha jioni hakina mtu wa kumlisha" ni sentensi ambayo haina jina la yeyote ndani yake.

Hapo nikukumbushe kilichotokea Holyoke, Massachusetts, kwenye nyumba ya maveterani ya jimbo. Machi 2020, wakati wa korona, wakubwa wa nyumba ile waliunganisha wodi mbili za wazee wenye kupoteza kumbukumbu kwa sababu wafanyakazi hawakutosha, wagonjwa na wasio wagonjwa wakalazwa pamoja. Maveterani wasiopungua 76 walikufa. Uchunguzi uliofuata ulieleza wazi uamuzi ule ulivyokuwa wa hatari, na mwaka 2022 jimbo likakubali kulipa dola milioni 56 kwa waathirika na familia zao. Sikusimulii ili kukutisha, na sisemi nyumba ya Baba iko hivyo. Nakusimulia kwa sababu pale upungufu wa watu haukuwa siri kwa walioshika zamu. Wasaidizi na manesi ndio wanaoona kwanza, na ndio wanaoogopa zaidi kusema. Na si wachache kati yao huko Marekani ni wahamiaji kama dada yako.

Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: je, malalamiko yako lazima yamponze, au yanaweza kuwa ndiyo msaada ambao yeye mwenyewe hawezi kuuomba? Mimi siwezi kukuhakikishia. Ziko nyumba ambazo familia ikilalamika, mkubwa hutafuta mtu wa chini wa kumtwisha. Hatari hiyo ni ya kweli. Na nikuambie pia upande usiopendeza: inawezekana yeye amechoka kwa zamu mbili mpaka anakosea, na akikuomba unyamaze anajilinda yeye. Kumpenda hakukulazimu ukatae kuliona hilo. Tena wafanyakazi wa nyumba za Medicare wana wajibu wao kisheria. Wakishuku mkazi ametendewa uhalifu, wanatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 2 kama kuna jeraha kubwa, au ndani ya saa 24 kama hakuna. Ukimya kuhusu ile alama ungeweza kumletea yeye matatizo makubwa kuliko maswali yako. Sijui kama mnaweza kulizungumza hili ana kwa ana, nje ya kazi, kabla hujapeleka lolote. Wewe unamjua. Kama mnaweza, mwambie unataka kuuliza nini, umuulize yeye angependa liulizwe vipi.

Wifi yako amekuumiza, na maneno yale kuhusu kwetu hayakustahili kusemwa. Hata hivyo yuko mbali, na mtu aliye mbali hushikilia nyota kwa sababu ndizo pekee anazoziona. Huenda anajua moyoni kwamba wewe ulifanya kazi ambayo yeye hakuifanya, na hilo linauma. Unamhitaji. Nyumba haiwezi kukupa taarifa zote za matibabu bila idhini ya Baba mwenyewe au ya mwenye hati. Mwombe aandike barua fupi kwamba unaruhusiwa kupewa taarifa na kuhudhuria vikao. Kumwomba hivyo ni tofauti na kumwambia alichagua nyumba mbaya. Mume wako anaweza kuipiga simu hiyo akiwa hata barabarani. Ni baba yake.

Ukipata idhini, njia ya kwanza iliyo karibu ni kikao cha mpango wa huduma. Hali ya mkazi hupimwa upya angalau kila miezi mitatu, lakini familia inaweza kuomba kikao kabla, hali ikibadilika. Wakae nesi mkuu wa ghorofa, mtaalamu wa lishe, ofisa ustawi wa jamii, na daktari kama anapatikana, na wifi aunganishwe kwa simu. Uende na daftari lenye tarehe, saa na ulichokiona, bila majina. Hatari ya njia hii ni kutulizwa kwa maneno mazuri. Ndiyo maana ni vizuri kutoka pale mkiwa mmeandikiana nani atamlisha jioni, atapimwa uzito lini tena, na mtakutana lini. Kisha utazame. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo kikubwa cha nyumba, yaani kinachobadilika wiki mbili baada ya familia kuuliza.

Kama hakibadiliki, kila jimbo lina ofisi ya watetezi wa wakazi wa nyumba za matunzo. Iko kwa sheria ya taifa, haitozi kitu, na haiwezi kutoa jina lako wala la Baba bila ridhaa. Kwa mtu mwenye hofu ya kisasi, na kwa mtu asiye na hati mkononi, ni mlango mzuri wa kubisha hata kwa kuomba ushauri tu. Udhaifu wake ni kwamba hawana mamlaka ya kuadhibu, na wengine wana nyumba nyingi za kuhudumia. Juu yao kuna wakaguzi wa jimbo na VA yenyewe. Huko jambo linakuwa zito, na ndiko dada yako anakokuhofia.

Kumhamisha kunawezekana. Kwa daraja lake la ulemavu VA inaweza kumlipia kwenye vituo vyake yenyewe au nyumba binafsi zenye mkataba nayo, lakini nyumba isiyo na mkataba itadai pesa nyingi kwa familia. Na mzee anayepoteza kumbukumbu akihamishwa hupotea zaidi kwa muda, wengine huanguka, wengine hukataa kula kabisa. Pia ataacha wenzake wa jeshi. Ukienda kukagua nyumba nyingine, nenda jioni au Jumapili, ukae karibu na chumba cha kulia.

Kumrudisha nyumbani si ndoto tupu kama ilivyokuwa zamani. Mpango wa VA wa kuwalipa posho wanafamilia wanaotunza maveterani wenye ulemavu wa asilimia 70 na kuendelea ulifunguliwa kwa maveterani wa vita vya Vietnam mwaka 2020. Kuna wasaidizi wa kuja nyumbani, na kuna mapumziko ya mtunzaji hadi siku 30 kwa mwaka. Sheria iliyosainiwa Januari 2025 imeongeza kiasi ambacho VA inaweza kutumia kumtunza mtu nyumbani, kutoka asilimia 65 ya gharama ya nyumba ya matunzo hadi gharama yote. Ofisa ustawi wa jamii wa VA ndiye wa kumuuliza kama Baba anastahili. Lakini ngazi bado zipo, nyonga bado ni ileile, mume bado yuko barabarani, na wewe una kazi na mtoto. Usiku mmoja wa kumwinua peke yako ungeweza kuwavunja wote wawili. Ukilifikiria hili, fikiria kwa hesabu ya saa na mikono iliyopo. Lawama za Moshi ziweke kando unapohesabu.

Na kuna mtu ambaye katika barua nzima sijamsikia akisema. Baba anataka nini? Mgonjwa wa Parkinson huwa na saa zake nzuri, mara nyingi muda kidogo baada ya dawa kufanya kazi. Siku ambayo hauko ghalani, nenda asubuhi, kaa naye, muulize maswali mafupi. Wanakutendeaje? Kuna mtu unamwogopa? Unapenda kukaa hapa? Hata majibu ya kichwa ni majibu. Bado ana haki ya kusema juu ya maisha yake, hati iwe mkononi mwa nani.

Mengine unaweza kuyapima taratibu. Lakini dawa na kumeza nisingependa vingoje kikao. Wifi akipokea simu wiki hii, mwanzie hapo, akaulize jina la ile dawa ya jioni. Na ukimkuta Baba anapaliwa au haamki vizuri, mwite nesi aliyesajiliwa wa zamu hiyo hiyo, mwombe ampime mbele yako na ampigie daktari, kisha uandike saa na alichokujibu.